Kuchora Vitu Tuli kwa Rangi Zilizokolea na Brashi Pana

Anayeanza kuchora vitu tuli jijini Nairobi anaweza kutosheka na maembe mawili, biringanya moja na kichane kidogo cha ndizi kutoka soko la Wakulima, vikipangwa juu ya kitambaa cha bluu kisicho na nakshi. Leso yenye maua mengi inapendeza, lakini ni afadhali ingoje, kwa kuwa itashindana na matunda.

Mwanga ndio unaohitaji kufikiriwa zaidi. Wachoraji wa Ulaya wamezoea kupendekeza dirisha linalotazama kaskazini, lisilopigwa na jua moja kwa moja, ushauri ambao kwetu, tulio takriban digrii moja kusini mwa ikweta, unafaa kwa nusu ya mwaka tu: kuanzia Oktoba hadi katikati ya Machi jua la adhuhuri hupita upande wa kusini, lakini kuanzia Aprili hadi Septemba huhamia kaskazini, na hapo dirisha la kusini ndilo lenye mwanga uliotulia. Zima taa za ndani ili kila tunda liwe na upande mmoja tu wa kivuli.

Tumia rangi za akriliki, yaani rangi za plastiki zinazochanganywa na maji, na brashi bapa yenye upana wa sentimita mbili au zaidi. Hata ile ya fundi wa kupaka milango inafaa. Paka kanvasi yote rangi hafifu ya udongo, iache ikauke, kisha fumba macho nusu na uchore kwa mistari michache mahali mwanga unapokutana na kivuli.

Changanya kila rangi kuu utakayohitaji kabla ya kuanza kupaka. Kivuli cha ndizi kisitiwe nyeusi, bali manjano iliyotiwa zambarau kidogo, na cha embe jekundu kipate tone la kijani. Chota rangi ya kutosha, ipake mara moja ukifuata mviringo wa tunda, inua brashi, wala usirudie kusugua palepale, kwani rangi mbichi zikisuguliwa pamoja hugeuka tope. Mchoraji Mholanzi Van Gogh alipochora alizeti zake huko Arles, Ufaransa, mwaka 1888, aliacha alama za brashi zionekane wazi. Akriliki hukauka upesi na kukolea kidogo ikikauka, kwa hiyo ichanganye ikiwa angavu kuliko unavyoiona kwenye tunda.

Kitambaa na ukuta wa nyuma vipakwe sambamba na matunda, visiachwe hadi mwisho. Kinachobaki mwisho ni kile kimeto cheupe juu ya biringanya, ambacho huwekwa kwa rangi nzito isiyotiwa maji.