Jinsi ya kumfanya mheshimiwa wako afungue mdomo kuhusu vita ya Sudan

Vita ya Sudan ilianza tarehe 15 Aprili 2023, jeshi la Burhan upande mmoja na RSF, kile kikosi cha wanamgambo cha Hemedti, upande ule mwingine, na tangu hapo zaidi ya watu milioni kumi wamehama makwao. Sasa enda pale Kibuye ama steji ya Kondele, hapa Kisumu, uulize nani anapigana na nani huko. Utaambiwa ni Salva Kiir na Machar, na hao ni wa Sudan Kusini, yaani mtu hata hajui kuna Sudan mbili. Na si eti watu ni wabaya, ni vile hakuna mtu anaongea, redio asubuhi ni uchaguzi wa 2027, mheshimiwa akija matanga ni 2027, kanisani 2027, na mji wa El Fasher kule Darfur ulipoangukia mikononi mwa RSF tarehe 26 Oktoba 2025 sisi huku ilikuwa wiki moja tu tangu tumzike Baba, Raila Odinga, pale Bondo, nani angekuwa na nguvu ya kufuatilia Darfur.

Naandikia yule mtu huo ukimya unamkera na hajui aanzie wapi. Na kitu ya kwanza kabisa: usiulize mtu yeyote mbona amenyamaza. Hilo swali halina kazi. Ukimuuliza mkubwa "mbona mko kimya" atakwambia Kenya inaunga mkono amani na mazungumzo, umalize hapo, hakuna kitu umepata. Na raia wa kawaida naye ataskia kama unamlaumu, atakuuliza wewe ni nani.

Tafuta kwanza pale vita imegusa huku kwetu. Kwa Sudan ni majani chai. Februari 2025 RSF na vikundi vinavyowaunga mkono walikuja Nairobi, wakakutana KICC, lile jumba kubwa la mikutano, na wakasaini mkataba wa kuunda serikali yao nyingine kando. Serikali ya Burhan ikakasirika, ikamwita balozi wake arudi nyumbani, na Machi ikapiga marufuku bidhaa zote kutoka Kenya. Sudan ilikuwa kati ya wanunuzi wakubwa wa chai yetu, na hio chai si ya mbali, ni Kericho, ni Nandi Hills, ni Mudete pale Vihiga. Aliyekuwa anashikilia wizara ya mambo ya nje wakati huo ni Musalia Mudavadi, mtu wa Sabatia, yaani kiwanda cha Mudete kiko kwao kabisa. Ukianza stori hapo, mama anayechuna chai haoni tena ni vita ya Waarabu wa mbali, anaona ni mteja wake amefukuzwa na mtu anamjua kwa jina.

Kijiweni utapigwa na majibu mawili, jiandae. La kwanza, "omera, sisi tuko na shida zetu, unga iko bei gani?" Usibishane na huyo, ana haki, unga ni unga. Mwambie tu kwamba hio chai ni unga ya mtu. Na kama ni kijana, mkumbushe maandamano ya Juni 2024 vile sisi wenyewe tulikuwa tunaomba watu wa nje waposti yale yalikuwa yanatufanyikia barabarani, na walioposti hatukuwauliza kwani hamna shida zenu. Jibu la pili ni "Kenya ni nchi ndogo, itasema nini?" Hapo mwonyeshe kwamba Kenya si bubu. Februari 2022, siku chache kabla Urusi iingie Ukraine na jeshi lote, balozi wetu wa UN wakati huo, Martin Kimani, alisimama Baraza la Usalama akaongea kuhusu mipaka tuliyoachiwa na wakoloni na vile tuliamua kuishi nayo badala ya kumwaga damu, na ile hotuba ilizunguka dunia nzima. Kwa hivyo tukitaka kusema tunasema. Tukinyamaza kuna sababu, na mimi maoni yangu ni kwamba hii ya Sudan inanuka pesa. Januari 2025 Kenya ilisaini mkataba wa biashara na Umoja wa Falme za Kiarabu, na hao ndio wanalaumiwa kwamba wanapea RSF silaha, wenyewe wanakana. Mwezi huo huo Marekani ilitangaza kwamba RSF wamefanya mauaji ya kimbari na ikamwekea Hemedti vikwazo. Mwezi uliofuata wako KICC. Wizara ya mambo ya nje ilisema ilikuwa inawapa watu uwanja wa kuongea bila kuegemea upande wowote, sawa, lakini hio ni jibu ya swali kubwa. Wewe uliza ndogo.

Na hii ndio sehemu nataka usome polepole. Swali kubwa lina hotuba yake tayari, swali dogo halina. "Msimamo wa Kenya ni upi kuhusu Sudan" wako na karatasi yake. "Nani alilipia ukumbi" hawana, lazima mtu aamke aende atafute faili. KICC ni ya serikali, ukumbi hukodishwa kwa pesa, na pesa huacha karatasi. Risiti ya ukumbi si siri ya jeshi.

Sheria ya kukusaidia iko. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali, halafu kuna Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inayosema utaomba kwa maandishi, kwa Kiingereza ama Kiswahili, na lazima wakujibu ndani ya siku 21. Kuomba ni bure, wanaweza tu kukulipisha pesa ya kutoa nakala. Huhitaji wakili. Huhitaji hata kueleza unataka ya nini, kwa hivyo usianze kujitetea kwa barua. Andika hivi:

"Kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, naomba kujulishwa: nani alilipia ukumbi wa KICC uliotumiwa na ujumbe wa RSF Februari 2025, kiasi gani kililipwa, na kama kuna pesa yoyote ya umma iliyotumika kwa mkutano huo. Naomba pia nakala ya risiti au ankara husika."

Halafu jina lako, nambari ya kitambulisho juu hii haki ni ya raia, simu, tarehe, basi. Usiongeze aya kuhusu watoto wa Darfur hata kama inakuuma, hio aya ndio watajibu na risiti waache. Mpelekee mkurugenzi mkuu wa KICC, na nakala kwa katibu wa wizara ya mambo ya nje. Ukituma kwa imeli weka ile iliyotumwa, ukipeleka kwa mkono gongesha muhuri kwa nakala yako, bila muhuri watasema hawakuona kitu. Siku 21 zikipita kimya, sheria inahesabu hio kama wamekataa, na hapo una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile watu huita Ombudsman. Wako na ofisi hapa Kisumu, huna haja ya kupanda basi ya Nairobi. Wakikujibu "usalama wa taifa", hio pia ni jibu na lazima watoe sababu, ipeleke vile ilivyo kwa hio Tume.

Mheshimiwa sasa. Watu wengi hungoja aje matanga ndio wamrukie na swali, tafadhali usifanye hivyo, utachukiwa na wenye msiba na yeye atatoka hapo kama shujaa. Mwandikie kupitia ofisi yake ya CDF, na usimwambie "tusemee", mwambie kitu ya kufanya: aombe taarifa bungeni kutoka kwa mwenyekiti wa Kamati ya Ulinzi, Ujasusi na Mahusiano ya Kigeni kuhusu chai ya Kenya na marufuku ya Sudan, wakulima wamepoteza kiasi gani na serikali inafanya nini kufungua hio soko. Mbunge wa sehemu ya chai hawezi kukataa hio kirahisi, ni kura. Akiisema inaingia Hansard, ile rekodi rasmi ya bunge, na Hansard iko kwa tovuti ya bunge, unaenda unasoma mwenyewe badala ya kuamini klipu ya TikTok. Akikataa, Kifungu cha 119 kinakuruhusu wewe mwenyewe kupeleka ombi bungeni, hata ukiwa peke yako, kwa Kiswahili, kupitia kwa karani wa bunge. Sema tu kama ulishajaribu ofisi husika, hapo ndio ile barua yako ya siku 21 inakusaidia tena, useme pia kama kuna kesi kortini, utie saini. Lugha iwe ya heshima, hio ni sharti la sheria, ukiita mtu mwizi ndani yake umewapa sababu ya kuitupa.

Kama mko wengi na mnataka kusimama mahali na mabango, tuseme Nyayo Garden kwa watu wa Nakuru, mpe OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, notisi siku tatu kabla au zaidi, isipite kumi na nne, na mmalize kabla saa kumi na mbili jioni. Notisi si kuomba ruhusa, lakini nakala yake utembee nayo.

Video nayo ni shida. Ile siku umeamua kuongea kuhusu Sudan grupu ya WhatsApp itajaa video, na nyingine ni za vita zingine ama za miaka iliyopita, ukisambaza moja ya uongo kila kitu ya kweli utasema baadaye inakufa. Mimi situmi video kabisa. Natuma tarehe, mahali na nani amesema, kwa mfano WHO ndio walisema zaidi ya watu 460, wagonjwa na waliokuwa wanawaangalia, waliripotiwa kuuawa kwa hospitali ya uzazi ya Saudi pale El Fasher. Hio haihitaji picha. Na kama mtaani kwenu kuna familia imekimbia kutoka huko usiwageuze wasemaji wako, usiposti sura zao, wako na watu wamebaki nyuma.

Ukishazoea, njia ni ile ile kwa vita zingine. Ya Urusi na Ukraine swali tayari liko: Novemba 2025 Mudavadi alisema huenda zaidi ya Wakenya 200 wameandikishwa jeshi la Urusi, sasa uliza wizara ya leba ni mawakala wangapi wamepokonywa leseni kwa sababu ya hio, na lini. Ya Congo, waasi wa M23 walichukua mji wa Goma Januari 2025 na jeshi letu lilikuwa huko mpaka Desemba 2023 chini ya kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliza ilitugharimu pesa ngapi. Lakini usitume zote wiki moja. Tuma ya ukumbi kwanza, andika kwa kalenda siku ya 21 na siku ya 51, hio ya pili ndio mwisho wa kufika kwa Ombudsman na ndio watu wengi husahau.