Picha ya dhahania inayotoka mkononi: andaa jana, paka leo

Picha hii haichori kitu kinachotambulika; unaacha mkono uende wenyewe bila kupanga. Lakini mkono hauendi wenyewe kama kila mara unasimama kutafuta kitambaa au kufungua kopo. Kwa hiyo kila kitu kiwe tayari siku moja kabla.

Kwa anayejifunza mwenyewe hapa Kigoma, duka la vifaa vya ujenzi linatosha: rangi ya maji nyeupe, nyeusi na nyingine mbili tu, gundi nyeupe ya maseremala na brashi ya inchi 3. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga alitumia hadibodi na rangi za kawaida za dukani mwishoni mwa miaka ya 1960, na kazi zake zikavuka bahari.

Wamba marekani, kile kitambaa cha pamba, kwenye fremu mbili za sentimita 80 kwa 100. Pigilia misumari kuanzia katikati ya kila upande kuelekea pembeni. Ukianzia kwenye kona, kitambaa hujikunja mshazari na hakinyooki tena. Changanya vikombe 3 vya rangi nyeupe, 1 cha gundi na 1 cha maji, upake mara mbili. Ndoo iliyowahi kubeba mawese usiiguse, hata ikioshwa: mafuta hubaki kwenye plastiki, na rangi hujikusanya matone kisha ikabanduka.

Udongo wetu mwekundu ni rangi nzuri mno. Ukaushe, utwange, uchekeche kwa kitambaa chepesi, kisha uchanganye na gundi iliyozimuliwa kidogo. Ukizidisha udongo, picha kavu itaacha vumbi vidoleni.

Laza fremu chini, usimame. Pasha mkono moto kwa kuchora ovyo kwenye karatasi za kaki, dakika moja kila karatasi, mpaka mwendo utoke begani badala ya kwenye vidole. Kisha ingia na rangi moja, haraka. Mkono ukianza kuchora mtumbwi au uso, hamishia brashi mkono wa pili.

Kinachoharibu picha nyingi ni tope. Nyekundu na kijani zikikutana mbichi, huwa kahawia chafu. Subiri: kiangazi saa moja au mbili, masika hata nusu siku, tena kivulini, maana jua kali hukausha ngozi ya juu tu na rangi nene hupasuka. Wakati huo hamia fremu ya pili.

Ukijikuta unatafuta brashi ndogo urekebishe kona, acha hapo. Kesho yake isimamishe juu chini, uitazame ukiwa umbali wa hatua tano. Kipande kinachong'ang'ania jicho peke yake kifunike kwa nyeupe.