Jinsi ya kusoma picha kwenye lakiri ya udongo ya Mesopotamia

Juzi nilikaa na mwanafunzi wa historia aliyekuwa na nakala ya plasta, mbele na nyuma, ya lakiri ya enzi ya Akkad, dola ya kale ya Mesopotamia, hasa Iraki ya leo (takriban 2334–2154 KK). Lakiri ni bonge la udongo lililobandikwa juu ya kifungo cha mzigo au mlango, kisha likapigwa muhuri wenye picha. Mwanafunzi alikuwa anaona matuta tu. Tulifanya hivi.

1. Anza na mgongo. Huko ndiko kuna alama ya kitu kilichofungwa: nyuzi za kamba, kitambaa, au kigingi cha mlango wa ghala.

2. Panga mwanga. Hatua hii iliwahi kunila usiku mzima. Kwanza nilitumia flashi ya simu, kila kitu kikalala bapa. Nikachukua tochi, lakini nikaiweka upande wa chini, na mungu aliyeketi akageuka shimo. Nikamchora hivyo hivyo mpaka alfajiri. Macho yetu yamezoea mwanga wa juu. Ukitoka chini, kilichotuna huonekana kimebonyea. Kwa hiyo zima taa ya chumba, weka tochi ndogo juu kushoto, ilale karibu sambamba na meza, kisha isogeze taratibu. Zitatokea pembe za taji, halafu mikunjo ya nguo, mwisho vidole. Kama unatumia picha ya mtandaoni, tafuta ufa kwanza. Ufa siku zote umebonyea. Ukiuona umetuna, geuza picha juu chini.

3. Tafuta picha inapojirudia. Muhuri wenyewe ni kijiwe chenye umbo la silinda kilichobingirishwa juu ya udongo mbichi, hivyo kichwa kilichovunjika upande huu huenda kipo kizima upande wa pili. Pima umbali kati ya sura mbili zinazofanana: huo ndio mzingo wa muhuri.

4. Tambua wahusika. Taji yenye pembe ni mungu. Miali mabegani na msumeno mkononi: Shamash, mungu wa jua. Mikondo ya maji yenye samaki: Ea, mungu wa maji. Silaha zinazochomoza mabegani, simba miguuni: Ishtar, mungu wa kike wa mapenzi na vita.

5. Chora kwa penseli. Programu za kuchora sizipendi kwa kazi hii, zinanyoosha mistari ambayo mchongaji hakuinyoosha. Penseli inakulazimisha kuamua kila mstari. Palipovunjika weka nukta, usijazie kwa kubuni.

Mwanafunzi alipofika hapa, matuta ya begani yalikuwa yameshakuwa miali. Akasogeza tochi kidogo, na kwenye ule mkono ulioinuliwa yakatokea meno ya msumeno, moja moja.