Jinsi ya kusoma mwamba wa nikeli na shaba, kwa mfano wa Kabanga

Habari wadau. Tangu mradi wa nikeli wa Kabanga kule Ngara upewe leseni kubwa ya uchimbaji 2021, kila wiki napata swali lile lile, nimeokota jiwe zito linang'aa, nitajuaje kama ni nikeli? Kazi yangu ni kusoma miamba inayotoka kwenye mashine za kuchoronga, kwa hiyo nawapa njia ninayoitumia mwenyewe. Kitu kimoja kishikeni tangu mwanzo: kung'aa hakukupeleki popote, unatafuta SAKAFU ya mwamba wa magma (uji wa moto wa chini ya ardhi ulioganda), ndo mzigo, yaani mawe yenye madini ya kutosha, unapolala.

Hatua ya 1: Elewa mzigo ulikusanyikaje

Usiruke hapa hata kama una haraka. Magma inapotoka chini sana inakuja na nikeli na shaba, ila kidogo kidogo, imetawanyika mwamba mzima, haichimbiki kwa faida. Ili ikusanyike sehemu moja inahitaji salfa. Kwenye ukanda wa Kabanga magma ilipenya kama miaka milioni 1,375 iliyopita, ikaingia kwenye tabaka za matope ya kale ambayo tayari yalikuwa na salfa ndani, ikayachoma na kuichukua ile salfa mpaka ikashiba. Ikishashiba, salfaidi, yaani salfa iliyoungana na metali, inajitenga kuwa matone, kama mafuta yanavyojitenga na mchuzi, ila haya ni mazito kwa hiyo hayaelei, yanazama. Na yakiwa yanazama yanazoa nikeli na shaba kutoka kwenye magma yote yanayopita. Kwa hiyo vitu viwili lazima viwepo: mwamba wa magma, na jirani yake mwenye salfa. Kimoja kikikosekana, mi huwa sina haraka na eneo hilo.

Hatua ya 2: Ramani kwanza, nyundo baadaye

Chukua ramani za jiolojia za eneo lako kutoka GST Dodoma, taasisi ya serikali ya jiolojia. Ukanda wenyewe unatoka Musongati Burundi, unavuka mpaka unakuja Kabanga na kuendelea ndani ya Kagera. Tafuta pale mwamba mweusi wa magma unapogusana na shisti nyeusi, yaani yale matope ya kale yaliyogeuka mwamba. Halafu jua kitu kimoja cha milima ya kule, kwartzaiti (mwamba uliotokana na mchanga) ni ngumu, ndo inayobaki juu kwenye migongo ya vilima, wakati mwamba wa magma unaoza upesi na mara nyingi umefunikwa na udongo mwekundu mteremkoni au bondeni. Ukizunguka vileleni tu utarudi na mawe meupe. Na kabla hujachimba hata shimo la sampuli hakikisha eneo lina leseni yako ya utafutaji, siyo ya mtu mwingine.

Hatua ya 3: Udongo, na usidanganywe na nikeli peke yake

Hapa wengi wanapandwa presha bure. Majibu ya maabara ya udongo yanakuja nikeli iko juu, kila mtu anashangilia, kumbe ni nikeli iliyokuwa ndani ya olivini (madini ya kijani ya mwamba wa magma), mwamba umeoza ikabaki kwenye udongo. Angalia shaba. Nikeli na kromi ziko juu lakini shaba hakuna, hiyo ni lateraiti, yaani udongo wa mwamba uliooza, kama mzigo wa Musongati ulivyo, nayo ni mali ila uchakataji wake ni tofauti kabisa. Nikeli na shaba zikipanda pamoja sehemu ile ile, hapo sasa simama. Tafuta na gosani, yaani mwamba wa kutu wenye vijitundu tundu ambamo salfaidi ilikuwepo ikaoza, wakati mwingine unaona na ukijani wa shaba kwenye nyufa.

Hatua ya 4: Soma kori

Kori ni ule mwamba mrefu wa duara unaotoka kwenye bomba la mashine. Imwagie maji, ipeleke juani, chukua lenzi, kisu na sumaku ndogo ya kalamu.

Pirotaiti ina rangi ya shaba nyekundu iliyofifia na sumaku inaivuta. Ndo itakayokuwa nyingi kuliko zote, na yenyewe karibu yote ni chuma na salfa tu.

Pentlandaiti ndo nikeli yenyewe, kama theluthi ya uzito wake ni nikeli. Haivutwi na sumaku na imejificha katikati ya pirotaiti, kwa hiyo zungusha kori taratibu mkononi, utaona vijisura bapa vyeupe kidogo vinamulika mara moja halafu vinazima. Hivyo ndo vya kuhesabu.

Kalkopiraiti ni shaba, njano kali, kisu kinaikwaruza na unga wake unatoka kijani cheusi. Kama ni njano iliyopauka na kisu hakiikwaruzi, hiyo ni piraiti, achana nayo.

Angalizo: shisti ya jirani nayo ina pirotaiti yake, imelala kufuata tabaka, inang'aa vizuri tu na nikeli haina. Usiandike "salfaidi" ukaishia hapo, andika ni ipi na iko kwenye mwamba gani.

Hatua ya 5: Tafuta sakafu

Kwa kawaida ukishuka ndani ya mwamba wa magma unaanza na chembe chembe za salfaidi, halafu chembe zinaungana kuwa wavu unaozunguka madini meusi, halafu salfaidi tupu. Ukiona zinaongezeka hivyo ujue unaikaribia sakafu. Ila Kabanga miamba ilikunjwa na kusimamishwa, kwa hiyo sakafu ya zamani inaweza kuwa pembeni sasa hivi, na salfaidi nyingine ilisukumwa ikatoka nje kabisa ikaingia kwenye shisti. Kwa hiyo TAFADHALI msifunge shimo mara tu mnapotoka kwenye mwamba wa magma, endeleeni mita kadhaa ndani ya shisti. Mzigo wa Kabanga wenye nikeli zaidi ya asilimia 2 sehemu yake kubwa uko hapo hapo mwamba wa magma unapogusana na shisti na nje kidogo.

Hatua ya 6: Pima uzito

Pima kipande kikiwa kikavu, halafu kipime kimening'inia ndani ya maji. Gawanya uzito mkavu kwa tofauti ya hizo mbili. Mfano gramu 920 nje, 710 majini, tofauti ni 210, jibu karibu 4.4, yaani jiwe ni zito mara 4.4 ya maji. Shisti ya kawaida inacheza kwenye 2.8, kwa hiyo hiyo ya 4.4 ni salfaidi karibu tupu.

Hatua ya 7: Maabara

Waambie unataka nikeli yote NA nikeli iliyoko kwenye salfaidi, vipimo viwili tofauti, pamoja na shaba, kobalti na salfa. Mwamba wenye olivini nyingi unaweza kuonyesha asilimia 0.2 ya nikeli bila hata tone la salfaidi, na hiyo huwezi kuitoa kwa mtambo wa mapovu, ule unaotenganisha salfaidi na mwamba. Msichelewe kupeleka, pirotaiti ikikaa kwenye boksi inaota kutu na kumeguka, kwa hiyo piga picha kori ikiwa bado mbichi, kata, peleka nusu, na nusu nyingine ihifadhi pakavu chini ya paa.