Kabla ya kuomba cheti cha afya cha nyama ya kuuza nje: mambo ya kupanga ukiwa Nakuru, Kisumu au magharibi

Anza na karatasi ya mwisho. Kabla ya kutafuta mbuzi, na kabla ya kukubaliana bei na mnunuzi wa Dubai au Doha, mwombe akutumie nakala ya cheti cha afya ambacho nchi yake inakipokea, pamoja na kibali chake cha kuagiza. Cheti hicho ni kauli ya serikali moja kwa nyingine. Kila sentensi iliyomo ni jambo ambalo daktari wa mifugo wa serikali atalisimamia kwa sahihi yake: kwamba mnyama alikaguliwa kabla na baada ya kuchinjwa, kwamba alitoka mahali pasipo na karantini, kwamba nyama haina mabaki ya dawa kupita kiwango, kwamba kichinjio kimesajiliwa. Chukua kalamu, na pembeni mwa kila sentensi uandike nani atakayeithibitisha na kwa karatasi gani. Ukiacha sentensi moja bila jibu, hapo ndipo shehena itakapokwama.

Wengi huenda kinyume. Wanachinja kwanza, wanaweka nyama kwenye baridi, kisha wanakwenda kwa daktari kuomba sahihi. Daktari hawezi kusaini jambo lililopita ambalo hakuliona na halina maandishi. Hata akikufahamu, hata nyama ikiwa safi machoni, hilo halimsaidii.

Jambo la pili ni kujua kama soko lenyewe liko wazi. Ugonjwa wa miguu na midomo haujaisha Kenya. Aina za kirusi chake za O, A, SAT1 na SAT2 bado zinazunguka, na chanjo ya KEVEVAPI, taasisi ya serikali inayotengeneza chanjo za mifugo, inapunguza ugonjwa lakini haiifanyi nchi ihesabike kuwa haina ugonjwa. Ndiyo sababu nyama ya ng'ombe ya Kenya haiingii Umoja wa Ulaya: nchi haimo kwenye orodha, na hakuna usafi wa kichinjio utakaobadilisha hilo. Soko letu kubwa ni nchi za Ghuba, hasa mizoga mizima ya mbuzi na kondoo, iliyopozwa bila kukatwakatwa, kwa ndege. Nako milango hufungwa ghafla. Mwaka 2000 Saudi Arabia ilipiga marufuku mifugo ya Pembe ya Afrika baada ya homa ya Bonde la Ufa kuzuka huko kwao na Yemen, na ilichukua miaka mingi kulegeza. Mvua zikizidi kiasi na mbu wanaoeneza homa hiyo wakaongezeka, uliza ofisi ya Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo, Kabete, hali ikoje kabla ya kupokea malipo ya awali ya mtu.

Sasa wanyama. Mbuzi wa shehena moja huweza kutoka Baringo, Pokot Magharibi kupitia mnada wa Chepareria, na Narok, wote wakakutana kwenye boma moja Nakuru. Kila kundi lazima liwe na kibali chake cha kusafirisha mifugo kutoka ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo lilikotoka. Kibali kinataja idadi, aina, alama au rangi, mahali pa kutoka, pa kwenda na muda wa kutumika. Mkaguzi atajumlisha. Ukiwa na vibali vya mbuzi 380 na boma lina 402, hao 22 hawana asili, na kwa cheti wanachafua kundi zima kwa sababu wameshachanganyika. Mabroka hupenda kuongeza "wachache wa njiani" ili lori lijae. Kataa, au watenge wachinjwe kwa soko la nyumbani, bado kwa kibali chao.

Piga simu ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo uulize kama kuna karantini, na uulize tena asubuhi ya kupakia. Karantini huweza kutangazwa kwa wadi au kaunti ndogo nzima. Kundi lililovuka siku moja kabla huangaliwa kwa jicho lingine, kwa hiyo tarehe kwenye kibali iwe ya kweli na isomeke.

Dawa ni eneo lenye uongo mwingi, na si lazima uongo wa makusudi. Mfugaji husema hajachoma sindano kwa sababu ameisahau, au kwa sababu aliyechoma ni jirani. Sindano ya antibiotiki ya oksitetrasaiklini ya asilimia 20 ya muda mrefu mara nyingi huhitaji siku 28 kabla ya kuchinja. Ivamektini ya kudunga, dawa ya minyoo, siku 28 hadi 35, kulingana na lebo. Soma lebo ya chupa yenyewe, usifuate mazoea ya duka la dawa. Njia rahisi ni kununua wanyama mapema, uwaweke kwenye boma lako ukiandika kila tiba, ili muda upite mikononi mwako. Ni gharama ya malisho, lakini fomu ya matibabu yenye tarehe, jina la dawa, kipimo na alama ya mnyama ndiyo daktari atakayoiambatisha. Kama nchi ya mnunuzi inataka vipimo vya maabara, uliza mapema sampuli ipelekwe wapi. Maabara za uchunguzi wa mifugo za kanda ziko Nakuru, Eldoret na Kericho, na kubwa iko Kabete, ila si kila kipimo hufanywa kila mahali. Majibu yakirudi nyama ikiwa njiani, ni kama hayakufanywa.

Kichinjio. Kile kinacholisha bucha za mjini, hata kiwe na leseni safi ya kaunti, hakitoshi. Lazima kiwe kimesajiliwa na Kurugenzi ya Huduma za Mifugo kwa soko la nje, kiwe na mkaguzi wa serikali, na mara nyingi kiwe pia kwenye orodha ya nchi inayonunua. Hizo ni idhini mbili tofauti, na ya kwanza haileti ya pili. Omba namba ya usajili kwa maandishi, uilinganishe herufi kwa herufi na ile iliyo kwenye orodha ya mnunuzi. Cheti cha halali nacho ni karatasi nyingine kabisa, inayotolewa na taasisi ambayo nchi ya mnunuzi inaitambua. Usifikirie muhuri wa mkaguzi wa nyama unaichukulia nafasi.

Wanyama wafike mapema, wapewe maji, wapumzike. Ukaguzi wa wakiwa hai hufanyika ndani ya saa 24 kabla ya kuchinjwa, na anayechechemea au anayetoa mate atengwe. Baada ya kuchinja, mkaguzi ataangalia kichwa, mapafu, ini na tezi. Hapa pana mtego mdogo unaowaponza wengi: idadi hubadilika. Tuseme ulipanga mizoga 400. Sita ikakataliwa, mitatu ikapunguzwa uzito kwa kukatwa sehemu zenye jipu. Ankara uliyoandika juzi bado inasema 400. Acha ankara na orodha ya vifurushi zisubiri hadi mizani ya mwisho baada ya kupozwa, kwa sababu mzoga wa moto hupoteza uzito ukipoa.

Kama unauza nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa, soma hapa polepole. Kanuni za Shirika la Afya ya Wanyama Duniani kwa nchi yenye ugonjwa wa miguu na midomo zinataka mzoga uachwe ukomae kwenye joto la zaidi ya nyuzi 2 za Selsiasi kwa saa 24 angalau, kisha pH, yaani kipimo cha asidi ambacho hushuka asidi ikizidi, ipimwe katikati ya msuli mrefu wa mgongo, pande zote mbili, na iwe chini ya 6.0. Kisha mifupa na tezi kuu ziondolewe. Sababu yake ni hii. Msuli wa mnyama hai una pH ya karibu 7. Ukishachinja, sukari iliyohifadhiwa msulini hugeuka kuwa asidi na pH hushuka hadi kati ya 5.4 na 5.8, na asidi hiyo inaua kirusi msulini. Kwenye uboho wa mifupa na kwenye tezi asidi haifiki kiasi hicho, ndiyo maana huondolewa.

Sasa ng'ombe aliyesafiri kutwa kwenye lori lililojaa, akapigwa, akalala njaa, ameshaitumia sukari yake yote. Msuli wake hauna cha kutengeneza asidi. Saa 24 zitapita, utachomeka kipimo na kitasoma 6.3, nyama ni nyeusi, kavu, inanata mkononi. Kusubiri zaidi hakusaidii. Mzoga huo hauwezi kwenda nje, basi. Upande wa pili wapo wanaoharakisha: wanawasha friji kali ili wapate muda, na baridi inapunguza kasi ya asidi, nyama ikishuka chini ya nyuzi 10 mapema mno, pH ikiwa bado juu ya 6, hukakamaa na kuwa ngumu kama mpira, hasa kwa kondoo na mbuzi. Rekebisha kipimo cha pH kila asubuhi kwa maji maalumu ya kurekebishia yenye pH ya 4.01 na 7.00, safisha ncha kati ya mzoga na mzoga, na andika pande zote mbili kwa namba ya mzoga. Fomu yenye namba 5.6 ileile mara 60 mfululizo itamfanya mkaguzi yeyote aulize kama kipimo kilitumika kweli.

Mbuzi na kondoo wa Ghuba huenda na mifupa yao, hivyo masharti ni tofauti. Cheti cha mnunuzi ndicho kitakachosema. Kisichobadilika ni joto: ndani kabisa ya nyama ya paja pawe nyuzi 7 au chini kabla ya kupakia, na nyama iliyogandishwa iwe -18. Friji ya lori kazi yake ni kutunza baridi. Haina nguvu ya kupoza mzigo wa moto. Ipozwe ikiwa tupu kabla ya kupakia, mizoga ining'inie bila kubanana, na kirekodi cha joto kiwashwe kabla mlango haujafungwa. Kutoka Nakuru hadi Nairobi ni kama kilomita 160, kutoka Kisumu karibu 350, na msongamano kwenye barabara hiyo haujali ratiba ya ndege. Mahali mzigo unapoumia zaidi, kwa kawaida, ni pale uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi, ukiwa kwenye lami unasubiri kupandishwa, jua la saa saba mchana. Mwambie wakala wa forodha apange muda wa kufika uwe karibu na muda wa kupakia, si saa tano kabla.

Kuhusu karatasi zenyewe: maombi hupita kwenye mfumo wa mtandaoni wa dirisha moja wa KenTrade, wakala wa serikali, kwa hiyo akaunti, PIN ya KRA na usajili wa kampuni viwe tayari wiki kadhaa kabla, si siku ya kuchinja. Ankara, orodha ya vifurushi, hati ya ndege na cheti viseme kitu kimoja: jina la mnunuzi limeandikwa vivyo hivyo hadi nukta, idadi, uzito halisi na uzito wa jumla visichanganywe, tarehe ya kuchinja, namba ya lakiri ya lori. Msimbo wa forodha wa nyama ya mbuzi na kondoo huanza na 0204, ng'ombe iliyopozwa 0201, iliyogandishwa 0202. Nafasi zisizotumika kwenye cheti hukatwa kwa mstari, na kila badiliko lisainiwe na kugongwa muhuri na daktari yuleyule. Wino wa sahihi usifanane na wa chapa, maana vituo vingine hukataa wakidhani ni nakala.

Cheti husainiwa shehena ikiwa bado mikononi mwa mamlaka, yaani kabla haijaondoka. Daktari anayesaini fomu tupu ili "tutajaza baadaye" anakuuzia matatizo. Panga pia wikendi: Saudi Arabia hupumzika Ijumaa na Jumamosi, Falme za Kiarabu zikahamia Jumamosi na Jumapili mwaka 2022, na ofisi zetu hufunga Jumamosi na Jumapili. Mzigo unaoondoka Alhamisi usiku ukiwa na kosa la herufi utakaa hadi wiki ijayo, kwenye friji ya mtu anayelipisha kwa siku.

Kwa walio Busia na Malaba: utaratibu rahisi wa biashara mpakani kwa bidhaa zisizozidi dola 2,000 hukuondolea ushuru na kurahisisha cheti cha asili, lakini haukuondolei daktari wa mifugo. Kuku, mayai, nguruwe na nyama yake bado vinahitaji kibali na cheti, na homa ya nguruwe ya Afrika ambayo hujirudia magharibi huweza kufunga nyama ya nguruwe usiku mmoja. Samaki wa ziwa ana njia yake: anakwenda kwa Huduma ya Uvuvi ya Kenya, wala si kwa daktari wa mifugo. Usipoteze siku kwenye foleni isiyo yako. Maziwa yana Bodi ya Maziwa juu ya cheti cha afya, na ngozi mbichi zina ushuru mkubwa wa kuuza nje, hivyo piga hesabu hiyo kwanza.

Ndege ikibadilishwa au mnunuzi akibadilika baada ya sahihi, usikwaruze wala usiandike juu. Rudisha cheti cha awali kwa ofisi iliyokitoa, uombe kingine kinachotaja namba ya kile kinachobatilishwa, na umtumie wakala wa mnunuzi nakala ya vyote viwili kabla mzigo haujatua.