Namna ya kupima kama maadili ya mtu yanaendana na mrengo wake wa kisiasa

Wengi huamini kwamba ukijua mtu anapigia kura upande gani, umeshajua anathamini nini maishani. Dhana hiyo inapimika, wala haihitaji maabara. Hojaji ya kurasa mbili tatu, lahajedwali na subira vinatosha. Hesabu zenyewe ni nyepesi. Kazi nyingi za aina hii huharibikia kwenye maswali, pale swali linalodaiwa kupima maadili linapokuwa limeshabeba siasa ndani yake. Hapo uhusiano utakaoupata umeutengeneza mwenyewe.

Chagua kipimo kimoja cha maadili

Vipimo viwili ndivyo vinavyotumika zaidi. Cha kwanza ni cha mwanasaikolojia Shalom Schwartz, aliyepanga tunu 10 kwenye duara mwaka 1992: zilizo jirani huenda pamoja, zinazotazamana hukinzana. Duara hilo lina mihimili miwili. Mmoja unatoka kupenda mabadiliko hadi kuhifadhi yaliyopo, mwingine unatoka kujali wengine hadi kujitanguliza. Toleo fupi lenye maswali 21 limo katika European Social Survey, utafiti wa maoni unaofanywa katika nchi nyingi za Ulaya, tangu 2002. Kila swali linaeleza mtu fulani, na mhojiwa anasema anafanana naye kiasi gani. Angalia jambo hili mapema: kwenye takwimu zile, 1 maana yake ni "anafanana nami sana" na 6 ni "hafanani nami kabisa". Usipogeuza alama hizo kabla ya kuanza, matokeo yako yote yatasimama kichwa chini, miguu juu.

Cha pili ni hojaji ya misingi ya kimaadili, iliyotokana na nadharia ya Jonathan Haidt na Craig Joseph ya mwaka 2004. Inataja misingi mitano: huruma, haki, uaminifu kwa kundi, heshima kwa mamlaka, na utakatifu. Mwaka 2009 Jesse Graham, Haidt na Brian Nosek walichapisha matokeo yaliyoipa umaarufu: watu wa mrengo wa kushoto (wanaotaka mabadiliko na usawa) waliegemea zaidi huruma na haki, ilhali wa kulia (wahafidhina, wanaopenda kuhifadhi yaliyopo) waliipa misingi yote mitano uzito unaokaribiana. Hojaji ya zamani ina maswali 30, sita kwa kila msingi, yanayojibiwa kwa alama 0 hadi 5, pamoja na maswali mawili ya mtego ya kumnasa anayejibu bila kusoma. Toleo la 2023 lina maswali 36 na misingi sita, kwa sababu haki imegawanywa kuwa usawa (wote wapate sawa) na stahili (kila mtu apate kwa jasho lake). Mgawanyo huo ni wa maana sana kwa siasa. Watu wawili wanaweza kuapa kwamba wanapenda haki, kisha wakagombana kuhusu kodi mpaka usiku.

Ukitaka kulinganisha na takwimu zilizokwisha kukusanywa, tumia Schwartz, kwani data za European Social Survey hupatikana bure ukijisajili. Ukikusanya mwenyewe, chukua hojaji ya 2023. Usichanganye nusu ya hii na nusu ya ile; hutapata alama unayoweza kuilinganisha na ya mtu yeyote. Ukitafsiri, mpe mtu wa pili ambaye hajaona ya asili airudishe kwenye lugha ya mwanzo, kisha linganisha.

Chuja siasa ndani ya maswali ya maadili

Hapa usiwe na haraka. Chukua hojaji ile ya maswali 30. Chini ya msingi wa haki kuna swali linalouliza kama ni vibaya watoto wa matajiri kurithi fedha nyingi huku wa maskini wasirithi chochote. Hilo ni suala la kodi ya mirathi lililovaa nguo za maadili. Chini ya huruma kuna kauli kwamba kuua binadamu hakuwezi kamwe kuwa sahihi. Wahojiwa wengine wakiisoma hufikiria vita, wengine adhabu ya kifo, wengine utoaji mimba, na kila fikra inavuta upande wake. Swali linalosifu kujizuia na zinaa nalo hupima uchaji wa dini karibu sawasawa na linavyopima utakatifu.

Njia ya kuchuja ni hii. Andika kila swali kwenye kikaratasi chake, changanya, kisha wape watu watatu wanaofuatilia siasa, kila mmoja peke yake. Usiwaeleze lengo. Waulize: "Anayekubali kauli hii ni wa mrengo gani?" Wote watatu wakijibu upande uleule papo hapo, lipe swali hilo alama nyekundu. Usilifute, maana ukifuta utavunja kipimo. Baadaye fanya hesabu mara mbili, mara moja likiwemo na mara ya pili bila ya maswali yote yenye alama nyekundu. Uhusiano ukiyeyuka katika hesabu ya pili, ulichokuwa nacho ni siasa iliyojipima yenyewe.

Ukilazimika kutunga swali lako, uliza kuhusu mwenendo wa mtu kwa mtu, usiguse serikali wala sheria. "Serikali iwasaidie wanyonge kwanza" ni sera. "Nikiona mtu akimdhihaki asiyeweza kujitetea, linanikera siku nzima" ni huruma.

Kisha wasomee watu wanane hadi kumi hojaji nzima, mmoja mmoja, na uwaombe waseme kwa sauti wanachofikiria kabla ya kujibu. Utashangaa ni mara ngapi mtu anajibu swali ambalo hukuliuliza.

Siasa isipimwe kwa mstari mmoja

Swali la kawaida ni kujipanga kutoka kushoto hadi kulia, 0 hadi 10. Liweke, lakini lisiwe peke yake. Wengi hawatumii kabisa maneno kushoto na kulia, na asiyeelewa huchagua 5 ili aachwe. Weka kisanduku cha "sijui", na usije ukakihesabu kama 5. Baada ya kukusanya, tazama ni wangapi walioshika 5 au "sijui". Wakizidi theluthi moja, mstari huo usiutegemee.

Ongeza maswali manne au matano kuhusu uchumi (kodi, huduma za umma, umiliki wa mali) na idadi ileile kuhusu jamii (familia, uhamiaji, adhabu, dini katika sheria). Yatolee alama mbili tofauti. Ariel Malka na wenzake walionyesha mwaka 2014, kwa takwimu za nchi nyingi, kwamba watu wanaothamini usalama na utulivu huwa wahafidhina katika masuala ya jamii, lakini katika uchumi mara nyingi huelekea kushoto, wakitaka ulinzi wa serikali. Ukizijumlisha alama mbili hizo, moja inaifuta nyingine, nawe utatangaza kwamba hakuna uhusiano kumbe ipo miwili inayovutana. Chama mtu anachokipigia kura kiulizwe kando. Katika siasa zinazofuata ukoo, lugha au eneo, chama hakisemi lolote kuhusu mrengo.

Mpangilio na idadi ya watu

Maadili yatangulie, siasa ifuate, na umri, elimu na dini vije mwisho. Mtu akishajitangaza kuwa mhafidhina ukurasa wa kwanza, atajibu yanayofuata kama anavyodhani mhafidhina anapaswa kujibu. Maswali ya maadili yenyewe yachanganywe, yasikae kwa mafungu. Usichukue jina wala namba ya simu. Msimamo wa kisiasa ni siri nzito, na ukweli wa majibu hutegemea usalama wa anayejibu.

Kuhusu idadi, nguvu ya uhusiano hupimwa kwa namba: 0 maana yake hakuna uhusiano, 1 ni uhusiano kamili. Uhusiano wa 0.3 unahitaji watu wapatao 85 ili uwe na nafasi ya asilimia 80 ya kuuona. Wa 0.2 unahitaji 194, na wa 0.1 unahitaji karibu 783. Lenga 250 kwenda juu. Chini ya hapo namba hupanda na kushuka kila unapoongeza watu wachache. Tena wasiwe marafiki zako wote, kwani kundi lenye mrengo mmoja halina tofauti ya kupima.

Kukokotoa

Anza kwa kuondoa majibu ya ovyo. Katika hojaji ya zamani, mtego wa kwanza unauliza kama ustadi wa hisabati una uzito katika kuamua jema na baya. Aliyejibu 3 au zaidi kati ya 5 huenda hakusoma. Ondoa pia aliyejaza namba moja kuanzia juu hadi chini. Andika umeondoa wangapi.

Alama ya kila msingi ni wastani wa maswali yake sita. Pima alfa ya Cronbach kwa kila msingi, yaani namba inayoonyesha maswali ya msingi mmoja yanakubaliana kiasi gani (1 ni kukubaliana kabisa). Ikikaribia 0.65 usishtuke, ni kawaida kwa baadhi ya misingi ya hojaji ile. Ikishuka chini ya 0.5, maswali hayo hayapimi kitu kimoja.

Sasa inakuja hatua inayorukwa mara nyingi. Tuseme mhojiwa wa kwanza amepata huruma 4.5, haki 4.2, uaminifu 4.0, mamlaka 3.8, utakatifu 3.5. Wa pili amepata 3.0, 2.7, 2.5, 2.3 na 2.0. Ukitazama juujuu, wa kwanza anaheshimu mamlaka zaidi kwa alama 1.5. Lakini toa wastani wa kila mtu kutoka kwenye alama zake, yaani 4.0 kwa wa kwanza na 2.5 kwa wa pili. Wote wanabaki na +0.5, +0.2, 0, −0.2, −0.5. Vipaumbele vyao ni vilevile. Tofauti yao ni kwamba mmoja ana mkono mwepesi wa kutoa alama za juu. Siasa ni kuchagua kati ya mambo mema yanayoshindana, kwa hiyo vipaumbele ndivyo vya kulinganisha. Angalizo: alama zilizosawazishwa hivi hujumlisha sifuri, basi usiziweke zote tano kwenye mlinganyo mmoja wa rejeshi (hesabu ya kutabiri siasa kwa alama kadhaa kwa pamoja). Kokotoa uwiano (ile namba ya nguvu ya uhusiano) wa kila msingi na kila alama ya siasa, mmoja mmoja.

Kusoma jibu bila kulizidishia

Tuseme heshima kwa mamlaka na uhafidhina wa kijamii vimepata uwiano wa 0.3. Ukichukua watu wawili bila kuchagua, anayeheshimu mamlaka zaidi ndiye atakuwa mhafidhina zaidi katika jozi kama 60 kati ya 100. Katika jozi 40 utakuwa umekosea. Mwegemeo upo, ila mtu mmoja mmoja humtambui kwa huo. Utafiti wa 2012 wa Graham, Nosek na Haidt uligundua kwamba watu wa pande zote huzidisha tofauti za kimaadili kati ya kushoto na kulia, hata wanapolieleza kundi lao wenyewe.

Kumbuka pia kwamba kipimo dhaifu hupunguza uhusiano. Alfa zikiwa 0.65 na 0.80, uhusiano halisi wa 0.4 utaonekana kama 0.29.

Rudia hesabu ndani ya makundi: vijana na wazee, wenye dini na wasio nayo. Mwaka 2016 Don Davis na wenzake walikuta kwamba nchini Marekani, uhusiano wa misingi ya uaminifu, mamlaka na utakatifu na uhafidhina ulikuwa dhaifu zaidi kwa Wamarekani weusi kuliko kwa weupe. Wastani wa wote ungeficha hilo.

Na usiandike kwamba maadili "yanasababisha" siasa. Peter Hatemi, Charles Crabtree na Kevin Smith, waliowauliza watu walewale zaidi ya mara moja, waliripoti mwaka 2019 kwamba msimamo wa kisiasa ulitabiri mabadiliko ya misingi ya kimaadili kuliko misingi ilivyoutabiri msimamo. Kwa hojaji iliyojazwa mara moja, neno lako ni "vinahusiana". Ukitaka kwenda mbele ya hapo, rudi kwa wahojiwa walewale baada ya mwaka. Kila mmoja ajitungie neno la siri siku ya kwanza, ili uunganishe majibu bila kujua ni nani.

Unapotoa matokeo, weka mchoro wenye nukta ya kila mhojiwa, ili msomaji aone pande mbili zinavyoingiliana. Ambatisha hojaji tupu pamoja na orodha ya maswali uliyoyapa alama nyekundu, na kundi lolote lenye watu chini ya kumi lisichapishwe peke yake.