Loda haina nguvu? Pita hatua hizi kabla hujanunua pampu

Wakuu, loda ni ile mikono ya mbele ya trekta yenye baketi, inayonyanyua kwa presha ya oili ya haidroliki. Inaniuma sana mtu kung'oa pampu nzima ya hiyo oili halafu shida ilikuwa filta. Twende mdogo mdogo.

Kwanza shusha baketi mpaka chini, zima injini, chezesha leva zote presha itoke. Na usipapase hozi kwa mkono kutafuta inapovuja, pitisha kipande cha boksi, maana oili ya presha inatoboa ngozi, na ikishaingia ni hospitali saa hiyohiyo hata kama kidonda hakionekani.

1. Oili ya haidroliki. Trekta iwe tambarare, silinda zimerudi ndani, ndio upime. Ikiwa nyeupe imeingia maji, ikitoa povu inavuta hewa.

2. Filta, pamoja na chujio la kwenye tangi kama lipo. Badilisha tu.

3. Hewa. Hapa ndio wengi wanapotea, paipu ya kunyonya haimwagi oili nje injini ikiwaka, yenyewe inavuta hewa ndani, kwa hiyo unaikuta kavu kabisa kumbe oringi (raba ya kuziba maungio) imekufa na pampu inalia balaa. Paka grisi kwenye maungio moja moja, mlio ukibadilika umeshapata.

4. Linganisha na lifti ya nyuma. Kama zinatumia pampu moja na nyuma inanyanyua vizuri, achana na pampu, shida iko valvu za loda au silinda zake.

5. Geji ya presha. Ifunge kwenye kapla (kiungio cha hozi) ya loda, oili iwe ya moto, rpm (mzunguko wa injini) ile ya kwenye manual, vuta leva mpaka mwisho ushikilie sekunde chache tu. Trekta ndogo nyingi ziko psi 2000 hadi 2500 hivi, ila namba ya kufuata ni ya manual yako. Ikiwa chini, ng'oa relifu valvu, ile inayoachia presha ikizidi, uchafu kidogo tu ukikaa pale inabaki wazi. Safisha, cheki springi. Kuikaza bila geji usithubutu, utapasua hozi.

MASWALI

– Mkuu yangu inabeba mzigo wote ila taratibu mno?
Presha ipo hapo, oili ndio inafika kidogo. Rudi kwenye filta, kisha pampu.

– Asubuhi iko fresh, ikichemka inachoka.
Oili ya moto inakuwa nyepesi, inapenya pale pampu ilipolika. Ila hakikisha kwanza uliweka oili ya aina inayotakiwa.

– Baketi inashuka yenyewe nikiachia leva, ni pampu?
Hapana, pampu haishikilii mzigo. Cheki sili za pistoni ndani ya silinda na spuli ya valvu, kile chuma kinachosogea ukivuta leva.